Koito Bila Kibuyu

Krrr. Kimya. Krrr, krrr.

Koplo Bonareri alifungua macho gizani. Mama wa mtoto mdogo halali kabisa. Hufumba macho tu, masikio yakabaki kazini. Nyumbani kwake Sotik, sauti kama hiyo ingekuwa kijiko kikikwaruza chini ya kikombe cha uji. Lakini hapa hakuwa kwake. Alikuwa kwenye kitanda cha wageni katika nyumba ndogo ya Kogo, nyanya wa boma hili, kwa sababu mvua ya jana ilikuwa imeigeuza barabara ya Kaplong tope tupu na landrova ya kituo ikakataa kupanda.

Krrr, krrr. Sauti ilitoka jikoni, nyuma ya ukuta wa udongo. Kitu kikavu kilikuwa kinasuguliwa ndani ya kitu chenye uwazi. Halafu harufu ikapenya: moshi, lakini si moshi wa kuni za kawaida. Huu ulikuwa mtamu kidogo, kama wa tawi lililochomwa kwa kusudi.

Alitupia macho kitanda cha pili. Blanketi lilikuwa limekunjwa vizuri na Kogo hayupo. Nje jogoo alikuwa anajaribu koo. Bonareri akajivutia blanketi lake, akaiweka ile sauti akilini, pale anapoweka vitu ambavyo bado havijapata mahali pake.

Kulipopambazuka alimkuta Kogo mlangoni, anaota jua.

"Chamgei, Kogo."

"Chamgei mising," Kogo akajibu, akampa mkono. Kiganja kilikuwa cheusi kama cha mwuza makaa. Bonareri hakujua Kipsigis zaidi ya salamu, na Kogo alikuwa na maneno machache tu ya Kiswahili, aliyoyaokota zamani kwenye mashamba ya chai. Kwa hiyo Bonareri alionyesha jikoni, akaiga: krrr, krrr.

Kogo alicheka mpaka mwanya ukaonekana. "Panya," alisema. "Panya mpaya sana."

*

Katika nyumba kubwa chai ilikuwa tayari, na Mzee Hezekiah alikuwa tayari zaidi ya chai. Alikuwa mkulima wa majani chai na mwenyekiti wa kituo cha kununulia, mtu aliyezoea kusikilizwa. Mezani aliweka karatasi moja iliyochapwa kwa kompyuta, akailaza sawa na ukingo wa meza.

"Koplo, mimi si mtu wa kelele. Lakini hii iko wazi. Hata mtoto anaona."

Ilikuwa picha ya koito, ile siku wazazi wa pande mbili wanapokubaliana na wachumba kubarikiwa. Bi harusi mtarajiwa ni Chemutai, binti wa Hezekiah. Mchumba wake, Gibson, yuko Amerika anasoma, kwa hiyo badala yake picha yake kubwa ya fremu ilisimamishwa mezani, nayo ikabarikiwa kwa siagi kwenye kioo kama vile ni paji la uso. Baadaye mpiga picha wa Kericho akaitia picha ya sherehe kwenye kompyuta na kuituma kwenye intaneti, katika baraza moja ambalo watu wa Kericho na Bomet walio ng'ambo hukutana kupiga soga. Gibson angeona koito yake mwenyewe. Huo mwaka wa tisini na tisa, jambo kama hilo lilizungumzwa mpaka kanisani.

"Soma hapa chini," Hezekiah alisema. "Vile walisema."

Chini ya picha kulikuwa na maneno ya watu wa baraza. Wengi walipongeza. Mmoja wa Texas aliandika: *Koito bila kibuyu? Siku hizi mnabariki watu na soda?* Aliyefuata akauliza: *Na huyo msichana huko nyuma anakimbia wapi na kikapu?*

Bonareri aliangalia. Meza ilikuwa safi, kitambaa cheupe chenye maua mekundu, uso wa Gibson unatabasamu, hakuna kibuyu. Nyuma, mlango ulikuwa wazi, na kwenye njia inayoteremka katikati ya majani chai alionekana msichana, mdogo kama kidole, kikapu mkononi.

"Huyo ni Amondi," Hezekiah alisema. "Msichana wetu wa kazi. Tuliposoma haya maneno tukatafuta kibuyu nyumba yote. Hakuna. Maziwa ya mursik ilinyweka, kibuyu kikarudi mezani, na mtu wa kupanga meza ni yeye. Picha inapigwa, kibuyu hakuna, na yeye anateremka na kikapu. Sasa niambie, hapo unahitaji shule gani?"

"Mzee, sauti," mkewe Janeffer alimnong'oneza. Akamgeukia Bonareri. "Kogo hajui. Ni kibuyu chake, alipewa na mama yake siku ya kuolewa. Ana hicho kimoja tu. Hivyo vingine viko jikoni kwangu. Akisikia kimeibwa siku ya koito ya mjukuu wake, tutamzika. Tumemwambia nimekihifadhi."

"Hakuuliza zaidi?"

"Alisema tu ni sawa." Janeffer alikunja uso kidogo, kama mtu anayekumbuka jiwe kwenye kiatu. "Hata hajauliza nimekihifadhi wapi."

"Na Amondi?"

"Tumemwambia ameenda kuona mama yake."

Bonareri alikoroga chai ambayo haikuhitaji kukorogwa. "Mama, wewe ulikuwa hapa wakati wa picha. Ulikiona kibuyu mezani?"

"Nilidhani nilikiona. Hapo karibu na Gibson. Hata ningeapa. Lakini sasa picha imetoka namna hii…"

"Macho yako ilikuwa na machozi," mumewe akamkata. "Picha haina machozi. Picha haina urafiki na mtu."

Chepngeno, kitinda mimba wa nyumba, miaka minne, alikuwa tayari amepanda kwenye mapaja ya Bonareri na kuanza kucheza na vifungo vya koti lake. "Amondi anarudi lini?" aliuliza. Hezekiah alipuliza chai yake.

"Jumatatu nataka awe kortini," alisema, kwa sauti ya chini kidogo. "Amekaa kwetu miaka mitatu. Ndio inauma."

Bonareri alikuwa ameinamia karatasi. Kitambaa cha meza kilikuwa cha kushona kwa sindano ya kulabu, kazi anayoifanya yeye mwenyewe jioni mtoto akilala. Mtu wa kulabu hawezi kupita kitambaa bila kuhesabu. Kila ua lilikuwa na petali sita. Ila moja, mbele ya picha ya Gibson, lilikuwa na tano, na pengo limeangalia kushoto. Na la pembeni yake pia lilikuwa na tano. Pengo limeangalia kushoto.

"Hiki kitambaa ni kazi ya nani?"

"Yangu," Chemutai alijibu kutoka mlangoni. Alikuwa amesimama hapo muda wote, macho mekundu. "Mbona?"

"Niletee nione. Nataka kuiba mtindo."

Chemutai alikileta. Bonareri akakipitisha vidoleni, ua kwa ua. Ua la petali tano lilikuwa moja tu.

"Hapo nilisinzia," Chemutai alisema kwa aibu. "Amondi alinicheka wiki nzima."

"Ni kitambaa kizuri," Bonareri alisema, akakikunja. Mtu aliyesinzia anaweza kukosea. Lakini hawezi kukosea mara mbili kwa usawa, bega kwa bega, halafu kosa la pili likajirekebisha lenyewe kabatini.

*

Barabara ilikuwa imekauka kiasi. Kabla ya Kericho Bonareri aliiambia landrova ikate kwenye laini za wafanyakazi wa shamba moja la chai, ambako Amondi alikuwa kwa shangazi yake, Dorcus, mchumaji.

Dorcus alikuwa ameketi mlangoni, mikono kifuani. "Karibu, afande. Lakini hapa hakuna kibuyu. Iko sufuria tatu na karai moja. Hesabu, halafu uandike."

"Sufuria zako ziko salama, mama. Nataka msichana."

Amondi alitoka na kitabu cha hesabu mkononi, kidole bado ndani. Alikuwa amevaa sweta lililoshonwa viwiko kwa uzi wa rangi nyingine. Hakulia. Alisimama kama mtu aliyekwisha kulia na kumaliza.

"Siku ya koito ulitoka na kikapu. Ndani kulikuwa na nini?"

"Chapati mbili, hiki kitabu, na sweta. Nilikuwa naenda darasa la jioni, pale kwa ukumbi wa kanisa Kaplong. Mama Chemutai ndiye aliniambia niende, nisichelewe."

"Nani aliona ndani ya kikapu?"

"Hakuna mtu. Wote walikuwa wanaangalia kamera."

"Wewe je, hukutaka kuwa kwa picha?"

Amondi aliinua bega. "Hakuna mtu aliniita."

Dorcus alitoa sauti ya pua. Bonareri aliendelea. "Ulipotoka, kibuyu kilikuwa wapi?"

"Mezani. Mbele ya picha ya Gibson. Hata kilikuwa kinamziba, nusu ya uso hivi. Nilitaka kukisogeza, lakini ni Kogo mwenyewe alikiweka hapo. Mimi ni nani nikisogeze?"

Bonareri alichomoa ile karatasi mfukoni, akaitazama tena. Uso wa Gibson ulikuwa mzima, sikio hadi sikio.

"Mtihani wako ni lini?"

"Jumatatu asubuhi." Amondi alifunga kitabu. "Afande, nikiwa kortini Jumatatu, basi. Ni kusubiri mwaka mwingine. Na mwaka mwingine nani ataandika mwizi kwa kazi, aende darasani jioni?"

"Shangazi," Bonareri alimwambia Dorcus, "hakikisha analala usingizi leo. Hesabu haziingii kwa kichwa chenye usingizi."

"Na wewe hakikisha ukweli," Dorcus alijibu, "maana yeye nimemhakikisha tangu azaliwe."

*

Studio ya Kepher, yule mpiga picha wa koito, ilikuwa ng'ambo ya stendi ya Kericho, ghorofani juu ya duka la mbegu. Ukutani palikuwa na pazia lililochorwa maporomoko ya maji na ndege inayopita juu yake. Katikati ya chumba, chini ya kitambaa cheupe kama televisheni ya nyumba ya heshima, ilikaa kompyuta.

Hezekiah alikuwa amemwambia Bonareri jambo moja zaidi alipokuwa anamsindikiza asubuhi: kwamba Kepher na Amondi wote ni watu wa ziwa, na watu wa ziwa husaidiana. Bonareri hakulitupa neno lile, wala hakulikumbatia. Lakini alipoingia studio, jambo la kwanza macho yake yaliliona ni rafu, na juu ya rafu kibuyu cha shanga.

Alikifikia kabla Kepher hajamaliza kusema karibu. Kilikuwa chepesi kama kopo. Shanga za plastiki, gundi inaonekana. Akanusa ndani: rangi ya mafuta.

"Hiyo ni ya wateja kushika wakipigwa picha," Kepher alisema. Alikuwa mtu mnene mchangamfu, kalamu mbili masikioni, moja kila upande. "Haijawahi kuona maziwa. Unataka kupigwa nayo? Utatoka kama bibi wa chifu."

Bonareri alikirudisha, akacheka mwenyewe. Hakuvaa sare siku hiyo. Alikaa kwenye stuli. "Nimetumwa na sifa. Nimeona picha ya koito ya Mzee Hezekiah kwenye karatasi ya intaneti. Imetoka safi. Nikasema, huyu mtu anafanyaje?"

Hakuna mlango unaofunguka haraka kama fundi anayesifiwa. Kepher alivua kompyuta kitambaa chake, akaiwasha, nayo ikaanza kunguruma.

"Dada, usafi ndio kazi. Wale wa kwa baraza wana midomo. Mwezi jana mtu alituma picha ya arusi, kwa nyuma iko suruali inaning'inia kwa kamba. Unajua hawakuongea juu ya bibi harusi? Waliongea juu ya suruali mpaka Krismasi. Mimi nikasema, picha inatoka hapa kwangu lazima ioge kwanza."

"Na hii iliogeshwa?"

"Kabisa." Picha ilianza kujichora kwenye kioo, mstari kwa mstari kutoka juu. "Angalia. Hapa kulikuwa na waya wa televisheni. Nilitoa. Mzee alikuwa na tundu kwa sweta, nikaziba. Inzi kwa paji la mjomba, kwaheri. Na hapa mlangoni kulikuwa na kuku amesimama kama mgeni rasmi. Nilimtoa. Watu wa Amerika hawataki kukutana na kuku sebuleni."

"Unatoaje kuku akaacha sakafu?"

"Ndiyo utamu wake. Iko kitu hapa kama mhuri." Alisogeza kipanya. "Unachota mahali pazuri, unapiga mahali pabaya. Sakafu juu ya kuku. Ukuta juu ya waya. Hata kama ni kitambaa—"

"Ua juu ya ua," Bonareri alisema.

"Eeh! Wewe unaelewa haraka."

"Kwa nini ulihitaji maua hapo mbele ya Gibson?"

Kepher hakushtuka hata kidogo. "Aa, hiyo ilikuwa kazi. Kibuyu kilikuwa kimemziba bwana harusi. Koito ya mtu, na mtu mwenyewe anachungulia nyuma ya mursik kama mwizi wa miwa? Nikatoa kibuyu, nikapiga maua. Na uso wake nilikuwa nao. Hiyo picha ya fremu mimi ndiye nilipiga kabla hajaruka. Nikaweka upande uliobaki. Mtu akaangaliana na watu wake."

Bonareri aligusa njia nyuma ya mlango. "Na msichana huko nyuma na kikapu. Mbona yeye hukumtoa?"

"Yuko mbali, hasumbui. Niliona analeta uhai." Kepher aligeuka, sasa akimwangalia vizuri. "Dada, mbona unauliza kama afande?"

"Kwa sababu mimi ni afande." Alimwonyesha kitambulisho. "Huyo msichana anatakiwa kortini Jumatatu kwa wizi wa hicho kibuyu. Ushahidi ni hii picha yako."

Kalamu moja ilianguka sikioni. Kepher hakuiokota. "Mimi nilisafisha tu."

"Ulisafisha meza, ukamchafua mtu. Nionyeshe ya mwanzo, kabla hujaigusa."

"Ya kompyuta haiko. Nilihifadhi hii juu yake, diski imejaa." Alijifuta uso na kitambaa cha kompyuta. Halafu akasimama ghafla. "Negativu. Negativu haiogi."

Alitoa bati la biskuti lililojaa vipande vya filamu, akaanza kuvipandisha dirishani kimoja kimoja, midomo ikitaja majina: arusi ya Litein, ubatizo, ng'ombe wa maonyesho. Bonareri alisimama nyuma yake akijikuta amebana pumzi kama mama kwenye foleni ya chanjo.

"Hii."

Kwenye negativu cheusi huwa cheupe. Katikati ya meza, mbele ya uso wa Gibson, kilisimama kibuyu kama taa, shanga zake zote zikihesabika. Mlangoni palikuwa na kuku. Na mbali, kwenye njia, alikuwa Amondi mweupe mdogo, mgongo kwa nyumba, ameshaondoka.

Picha ileile iliyomfunga, ikamfungua. Kibuyu kilikuwa mezani wakati yeye yuko njiani.

"Chukua kamera yako," Bonareri alisema. "Na hiyo kipande. Tunaenda."

*

Lakini negativu ilisema tu nani hakuchukua. Haikusema nani alichukua. Landrova ilipokuwa inarudi katikati ya yale mashamba yaliyochanwa kama nywele za watoto wa Jumapili, Bonareri alikuwa anahesabu kwa vidole.

Baada ya picha, kama ilivyo desturi, watu wote walitoka kuwasindikiza wageni mpaka barabara kubwa. Ni mteremko, na kurudi ni mlima. Nani hasindikizi wageni mlimani? Mtu mwenye magoti ya uzee. Nani ameambiwa kibuyu chake kimehifadhiwa na asiulize wapi? Na nani ana kibuyu kimoja tu maishani, kisha alfajiri anasugua kitu chenye uwazi kwa tawi la kuchomwa, vile vibuyu vya mursik vinavyosafishwa, mpaka viganja vinakuwa vyeusi?

"Panya hawachomi matawi," alisema kwa sauti.

"Nini?" Kepher aliuliza.

"Hakuna. Nimepata mahali pa kuweka kitu."

Aliwakuta wote nyumbani. Hakusema mengi. Alimpa Hezekiah negativu, akamwonyesha dirisha. Mzee aliitazama kwa muda mrefu, akaigeuza, akaitazama tena, kana kwamba upande wa pili ungekuwa na jibu lingine.

"Kwa hivyo mimi…" alianza.

"Kwa hivyo twende kwa Kogo," Bonareri alisema. "Chemutai, utafsiri. Na umwambie yote."

Chemutai alimwangalia baba yake. Janeffer alishika mdomo. "Atakufa," alinong'ona.

"Mama, huyo amesafisha kitu usiku akaniambia ni panya. Hafi leo."

Kogo alikuwa ameketi kwenye kigoda chake jikoni. Chemutai alipiga magoti, akaanza kusema kwa Kipsigis, polepole kwanza, halafu maneno yakamwagika. Bonareri hakuelewa ila majina: Amondi. Texas. Amondi. Polisi. Uso wa Kogo ulibadilika kidogo kidogo, kama chai inayoongezwa maziwa. Chemutai alipomaliza, Kogo alishika ukuta. Aliinuka kwa magoti yake, akaenda nyuma ya gunia la mahindi, akarudi na kitu kilichoviringishwa kwa leso.

Kibuyu. Kutoka shingoni kwenda chini kulipita ufa, na ufa ulikuwa umeshonwa kwa uzi mweusi, mishono midogo iliyolingana, ambayo Bonareri mwenye kulabu hangeweza kuishona hata mchana.

Kogo alisema, na Chemutai akatafsiri. "Anasema mikono yake ilikuwa na siagi ya kubariki. Mlipoenda na wageni alitaka kukiosha. Kikateleza. Anasema kikipasuka siku ya koito, watu watasema ni ndoa yangu imepasuka. Akakificha akishone, kiwe kizima kabla mtu hajajua."

"Kwa nini hakutuambia sisi?" Hezekiah aliuliza.

Kogo alijibu bila kungoja tafsiri. Chemutai alicheka huku analia. "Anasema, kwa nini nyinyi hamkumwambia?"

"Tuliogopa ataumia."

"Anasema na yeye aliogopa mtaumia."

Kisha Kogo mwenyewe akaanza, kicheko cha chini kama maji yanayochemka, na Janeffer akafuata, na Kepher mlangoni, ambaye hakuelewa hata neno moja. Lakini Kogo alikikata kicheko chake katikati. Alimnyooshea Hezekiah kidole kilekile cheusi, na safari hii alitumia Kiswahili chake, ili kila mtu asikie.

"Mtoto ya watu wapi? Enda. Wewe. Leta."

Mwenyekiti wa kituo cha kununulia majani alivaa gambuti zake.

*

Landrova ilirudi kesho yake mchana, Hezekiah mbele, Amondi nyuma, na Dorcus kando ya Amondi kwa sababu alisema hatoi mtoto bila risiti. Kulingana na Dorcus, Mzee alisimama mlangoni kwake akaongea kwanza juu ya mvua, halafu juu ya bei ya mbolea, halafu akavua kofia. "Akasema, 'Amondi, mimi nilisoma picha, sikukusoma wewe.' Ikaisha hapo. Kwa mwanamume wa namna hiyo, hiyo ni hotuba."

Bonareri alikuwa tayari ameandika kwenye faili kwamba hakuna kosa lililotendeka. Alibaki kwa sababu Kepher aliomba ashuhudie. Picha nyingine ilikuwa inapigwa, itumwe ng'ambo leo hii, wale wenye midomo waone.

Meza ilitandikwa kitambaa kilekile, ua la petali tano limewekwa mbele kwa makusudi ya Chemutai. Gibson akasimamishwa kwenye fremu. Kibuyu kikawekwa kando yake, si mbele, mshono ukiangalia watu.

"Huo mshono msiwe na wasiwasi nao," Kepher alisema kutoka nyuma ya kamera. "Nikifika nitaupitisha mhuri, hauonekani."

"Wewe," Hezekiah alisema. "Usitoe kitu. Hata kuku."

Kogo alikaa katikati, Janeffer kushoto, Chemutai kulia, Mzee nyuma na sweta lenye tundu lake. Dorcus alivutwa kwa nguvu akasimama pembeni, akilalamika kwamba hajachana nywele. Chepngeno aliketi mapajani kwa Kogo. Mlango nyuma yao ulikuwa wazi kama siku ile, na kwenye kizingiti, amezoea mahali pale, alisimama Amondi na birika mkononi, akingoja wamalize ili agawe chai.

"Haya, angalieni hapa," Kepher alisema, kidole kwenye kitufe. "Sote tuko?"

Wote waliangalia kamera. Chepngeno peke yake aligeuza kichwa, akaangalia nyuma.

"Amondi bado yuko nje," alisema.